Sindano ya kuondoa mikunjo usoni kabla ya kwanjula: naomba ushauri wa wanaojua

Swali la Ssenga wa Bweyogerere

Wapendwa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mama wa miaka 48, nimekulia Busia na sasa naishi Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Kwanjula ya binti wa kaka yangu, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa ukoo wa bibi harusi, itafanyika wiki mbili baada ya Jumamosi hii, na mnajua kwamba siku hiyo ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, ndiye anayepita mbele ya wageni wote, akawasalimu, akamtafuta bwana harusi katikati ya wanaume aliofuatana nao na kumtambulisha kwa ukoo wetu. Macho yote na kamera zote huwa juu yake. Nina mikunjo miwili mirefu katikati ya nyusi ambayo hunifanya nionekane nimekasirika hata ninapocheka, na jambo hili limenisumbua moyoni kwa miaka kadhaa.

Msusi wangu ameniambia kwamba Jumamosi atakuja mtaalamu kutoka nje ya nchi, atakayewachoma wateja sindano ya Botox palepale saluni kwa shilingi 250,000, na kwamba tukijitokeza watu watano kwa pamoja bei itapunguzwa. Anasema haina madhara yoyote, kwamba ni kama kuchanjwa, na kwamba mtu hurudi kazini saa ileile. Binti yangu aliye sekondari aliposikia alishtuka, akasema mwalimu wao wa baiolojia aliwafundisha kwamba hiyo ni sumu. Wifi yangu, kwa upande wake, anaona ninauliza maswali mengi kupita kiasi.

Naomba kujua hatari zake ni zipi hasa, na kama kuna la kuangalia kabla ya kukubali. Nina shinikizo la damu ambalo limedhibitiwa kwa dawa ninayomeza kila asubuhi pamoja na aspirini ndogo, na juzi tu nimemaliza sindano za siku saba za maambukizi ya figo. Sijui kama hayo yanahusika, lakini nayataja.

Jibu la Muuguzi wa Usingizi, Mbarara

Dada yangu ssenga, maswali yako si mengi, na binti yako hakukosea. Dawa hiyo hutengenezwa kutokana na sumu ya botulinamu, inayotolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayewapoozesha watu waliokula chakula kilichoharibika ndani ya kopo au chupa iliyofungwa bila kuchemshwa vya kutosha. Kiasi kidogo mno cha sumu hiyo, kikiwa kimesafishwa na kupimwa kiwandani, kimekuwa tiba halali kwa miaka mingi: Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa watu wenye makengeza na wale ambao kope zao hujifunga zenyewe, na mwaka 2002 ikairuhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, yaani mikunjo unayoizungumzia wewe. Kwa hiyo mtu anayekuambia ni sumu anasema kweli, na anayekuambia ni dawa anasema kweli pia. Linalotenganisha mambo hayo mawili ni kipimo, na mkono unaokipima.

Naomba nikueleze inavyofanya kazi, kwa sababu hatari zake zote zinatoka hapo. Neva huuambia msuli ujikaze kwa kuumwagia kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayosaidia kuitoa kemikali hiyo, hivyo amri haifiki, msuli hulala, na ngozi iliyo juu yake hulainika. Mimi katika chumba cha upasuaji hutumia kila siku dawa nyingine zinazolegeza misuli, lakini zangu huisha baada ya muda mfupi, na wakati wote ninazozitumia nina mashine ya kupumulia pembeni na macho yangu hayamwachi mgonjwa. Hii ya usoni huanza kuonekana baada ya siku chache, hufikia kilele chake karibu na wiki ya pili, na hudumu miezi mitatu hadi minne. Ikishaingia kwenye neva hakuna sindano wala kidonge cha kuitoa. Mwili wenyewe ndio unaorudisha mawasiliano ya neva na msuli, na hufanya hivyo kwa mwendo wake. Tafadhali likumbuke hilo kuliko yote niliyoandika hapa.

Madhara mepesi ni maumivu mahali palipochomwa, kichwa kuuma siku moja au mbili, na damu kuvilia chini ya ngozi, jambo ambalo kwako linawezekana zaidi kwa sababu ya aspirini. Usiiache aspirini hiyo bila kumwuliza daktari aliyekupa. Linalofuata ni kope la juu la jicho kulegea, dawa inapotiririka kutoka mahali ilipochomwa hadi kwenye msuli unaoinua kope. Katika majaribio ya mikunjo ya katikati ya nyusi jambo hilo liliwapata takriban watu 3 katika kila 100, na hao walichomwa na madaktari waliofundishwa kukaa angalau sentimita moja juu ya mfupa wa tundu la jicho. Mtu asiyejua mfupa huo uko wapi atakuwa na idadi yake mwenyewe.

Kisha kuna hatari ambayo ni adimu lakini ndiyo inayoua. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimisha kila kichupa cha dawa hizi kibebe onyo zito kuliko yote yanayoruhusiwa kuandikwa, kwamba sumu inaweza kusambaa mbali na mahali ilipochomwa, na kwamba saa chache hadi wiki kadhaa baadaye mtu anaweza kuona vitu viwili viwili, sauti ikakwaruza, maneno yakawa mazito mdomoni, akashindwa kumeza, hatimaye akashindwa kupumua. Kwa haki ya mambo niseme kwamba matukio makubwa yaliyosababisha onyo hilo yalihusu zaidi watoto wenye mtindio wa ubongo waliopewa vipimo vikubwa kwa ajili ya misuli ya miguu, wala si mikunjo ya uso iliyotibiwa kwa kipimo sahihi cha dawa halisi. Hata hivyo, wewe bado hujui kama utakachochomwa Jumamosi ni dawa halisi, wala kipimo chake.

Nina swali moja kwako. Je, jioni ukiwa umechoka kope zako huwa nzito, au hutafuna nyama hadi taya linachoka kabla hujamaliza sahani? Kuna ugonjwa wa misuli uitwao mayasthenia ambao huanza polepole namna hiyo, na mtu anaweza kuwa nao bila kujua; mwenye nao hapaswi kuchomwa sindano hii kabisa bila daktari wa neva kujua.

Jibu la Mama wa Walukuba, Jinja

Ssenga, mimi nitakueleza yaliyonipata. Mwaka juzi nilichomwa nyumbani kwa rafiki yangu, tukiwa wanawake sita sebuleni, na mchomaji alikuwa kijana mpole aliyevaa koti jeupe. Sikumwuliza jina la dawa wala chuo alichosoma, kwa sababu koti lilinitosha. Siku ya nane niliamka nikadhani nimelalia jicho la kulia vibaya, kwani kope lilikuwa limeshuka na kufunika nusu ya mboni. Nilikanda kwa maji ya uvuguvugu, na kumbe kukanda hakusaidii kitu, tena katika siku za mwanzo kunaweza kuisogeza dawa mbali zaidi.

Nilikaa hivyo wiki saba. Ninauza vitambaa vya gomesi, na kazi yangu ni kumtazama mteja usoni na kumshauri rangi; kila aliyeingia dukani aliniuliza kama nimepata kiharusi. Mume wangu hakunilaumu hata mara moja, lakini nilimwona akinitazama nilipokuwa nikila, akiogopa nisipaliwe. Yule kijana alipokea simu mara ya kwanza, akasema itapita, kisha namba yake haikupatikana tena. Daktari wa macho aliyeniona hatimaye alinipa matone yanayoamsha msuli mwingine mdogo ndani ya kope, yakaliinua kwa milimita moja hivi, na kwa milimita hiyo nilimshukuru Mungu.

Hesabu siku zako, dada. Ukichomwa Jumamosi hii, siku ya kwanjula itaangukia palepale ambapo dawa iko kwenye kilele, na kope likishuka litakuwa limeshuka mbele ya wageni wote. Nimesikia pia kwamba wapo waliopofuka kabisa kwa sindano za uso, ingawa sijamwona mtu huyo kwa macho yangu.

Jibu la Mfamasia wa Mbale

Pole sana, Mama wa Walukuba. Kuhusu upofu naomba tusahihishane, kwa sababu sindano za urembo huitwa zote kwa jina moja katika saluni nyingi na watu hudhurika kwa kutojua tofauti. Sindano inayoweza kupofusha kwa ghafla ni ile ya kujaza, ambayo mara nyingi huwa ni ute mzito wa asidi ya hialuroniki unaotiwa kwenye midomo, mashavu au mikunjo ya pua. Ute huo ukiingia ndani ya mshipa wa damu huuziba, na ukifika kwenye mshipa wa jicho mtu hupoteza uwezo wa kuona. Sumu ya botulinamu haizibi mishipa. Yenyewe hulegeza misuli. Ssenga, mwulize msusi wako ni ipi kati ya hizo mbili utakayochomwa, na akishindwa kukujibu, hilo lenyewe ni jibu.

Sasa nizungumzie kichupa, kwa kuwa hayo ndiyo maisha yangu ya kila siku. Botox halisi huja ikiwa unga mkavu, mdogo kiasi kwamba chini ya kichupa huonekana kama ukungu tu, na hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani. Kwa mikunjo ya nyusi, kichupa cha yuniti 100 (yuniti ni kipimo cha nguvu ya dawa) huchanganywa na mililita 2.5 za maji ya chumvi yaliyotakaswa, mgonjwa hupewa yuniti 20 zilizogawanywa sehemu tano, na kilichochanganywa hutakiwa kutumika ndani ya saa 24 kikiwa bado baridini. Mtaalamu anayesafiri nacho ndani ya mkoba, akapita mpakani, akalala hotelini ambako umeme umekatika usiku, hawezi kukuhakikishia kwamba kilicho ndani bado kinafanya kazi. Yuniti zenyewe pia hazilingani kati ya kampuni na kampuni: mikunjo inayotibiwa kwa yuniti 20 za Botox hutibiwa kwa yuniti 50 za Dysport, hivyo mtu aliyezoea moja akapewa nyingine bila kujua anaweza kukosea vibaya.

Nimeona jambo moja katika maelezo yako ambalo halikunipendeza hata kidogo. Watu watano kwa bei nafuu, na yuniti 20 kwa kila mmoja, hufanya 100 kamili, yaani kichupa kimoja. Maelekezo ya mtengenezaji yanasema kichupa ni cha mgonjwa mmoja. Bomba la sindano lililomgusa mtu likirudishwa ndani ya kichupa, damu ya wa kwanza inaweza kumfikia wa tano, na katika nchi yetu, ambako virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B bado vipo katika familia nyingi, hilo si jambo la kupuuza kwa ajili ya kupunguziwa bei.

Bidhaa bandia nazo si hadithi za kutishana. Mwezi Aprili 2024 Marekani ilitangaza kwamba watu 22 katika majimbo 11 walidhurika baada ya kuchomwa sindano bandia au zilizohifadhiwa vibaya, wengi wao majumbani na kwenye maduka ya urembo. Uingereza mwaka 2025 iliripoti watu 38 kati ya Juni na katikati ya Julai waliopata dalili za sumu hii baada ya sindano za urembo. Na mwaka 2004 kule Florida watu wanne, mmoja wao akiwa daktari mwenyewe, walichomwa sumu ghafi ya maabara isiyokusudiwa binadamu. Wote wanne waliishia kwenye mashine za kupumulia kwa muda mrefu. Hayo yametokea kwenye nchi zenye vitanda vingi vya wagonjwa mahututi na zenye kinga ya sumu tayari ghalani. Kinga yenyewe huzuia tu sumu ambayo bado inazunguka mwilini. Iliyokwisha kuingia kwenye neva haiigusi, kwa hiyo kila saa ina thamani. Kwetu ni hospitali chache zenye vitanda vya namna hiyo, na sijawahi kuiona kinga hiyo kwenye rafu ya duka lolote la dawa nililofanyia kazi.

La mwisho ni hizo sindano za figo. Angalia karatasi uliyopewa kliniki. Kama ni gentamisini, ambayo huchomwa sana katika kliniki zetu ndogo, basi nakuomba kwa dhati usichomwe Jumamosi, kwa maana dawa za jamii hiyo zenyewe hupunguza mawasiliano ya neva na msuli, na zikikutana na botulinamu mwilini huongeza nguvu yake.

Jibu la Mwalimu wa Entebbe

Nakubaliana na yote yaliyosemwa, lakini nisingependa mtu atoke hapa akiamini kwamba dawa hii ni laana. Nimeugua kipandauso kwa zaidi ya miaka kumi, siku nyingi za mwezi nikiwa ndani ya chumba chenye giza, na daktari wa neva mjini Nairobi ndiye aliyenianzishia sindano hizi. Kila baada ya wiki 12 huchomwa sehemu 31 za kichwa na shingo, jumla yuniti 155, ambazo ni karibu mara nane ya zile za mikunjo ya nyusi, na nimerudi darasani.

Kabla ya sindano ya kwanza daktari huyo alinihoji kwa karibu saa nzima. Aliniuliza kuhusu ujauzito, kuhusu magonjwa ya misuli katika ukoo, kuhusu kila dawa ninayomeza au kuchomwa, kuhusu mizio. Alinifanya nimeze maji mbele yake na kutazama juu kwa dakika nzima ili aone kama kope zitachoka. Kichupa alikifungua mbele yangu, akaandika nambari yake ya toleo kwenye faili langu na kwenye kadi ninayobeba, na akanipa namba ya simu ya usiku. Nimeitumia mara moja, shingo ilipokuwa dhaifu, na alipokea.

Jibu la Ssenga wa Bweyogerere

Wapendwa, nawashukuru sana, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Karatasi ya kliniki nimeitafuta nikaipata, na ni kweli imeandikwa gentamisini. Nilisoma neno hilo nikakaa chini. Kwa swali lako, muuguzi wangu wa Mbarara, kope zangu haziwi nzito jioni na nyama natafuna bila shida, namshukuru Mungu.

Leo asubuhi nilikwenda saluni nikauliza kwa upole, kwa kuwa msusi huyu amenisuka miaka tisa na sitaki kumvunjia heshima. Nilimwuliza jina la dawa, akasema ni Botox ya Korea. Nilimwuliza kama nitakiona kichupa kikifunguliwa, akasema huja ikiwa tayari imechanganywa ndani ya mabomba, ili kuokoa muda. Nilimwuliza mtaalamu huyo amesajiliwa wapi, akanionyesha kwenye simu cheti cha mafunzo ya siku mbili. Nadhani yeye mwenyewe hajui, na hilo limenihuzunisha kuliko kama angekuwa ananidanganya. Nimemsomea maelezo yenu mengi, na ameahidi kumpigia mtu huyo simu, ingawa wateja watatu wamekwisha kulipa.

Mimi nimejiondoa. Nitakwenda kwenye kwanjula na uso wangu huu, na mpambaji atafanya awezavyo kwa poda. Lakini baada ya sherehe bado ningependa kuishughulikia mikunjo hii, kwa hiyo naomba mnielekeze: mtu wa kawaida hapa Kampala atajuaje kama daktari na dawa ni halali? Na wale wateja watatu nifanye nini kwa ajili yao?

Jibu la Mfamasia wa Mbale

Nyabo, hakuna Botox ya Korea. Botox ni jina la biashara la kampuni moja tu ya Marekani. Korea ina viwanda vyake vinavyotengeneza sumu ya botulinamu kwa majina mengine, na kila moja ina kipimo chake. Wala hakuna inayotoka kiwandani ikiwa ndani ya bomba lililochanganywa namna hiyo. Aliyeijaza aliijaza mahali fulani, kwa maji fulani, siku fulani, na hakuna anayeweza kukuambia lini.

Daktari yeyote anayeruhusiwa kutibu Uganda yumo katika daftari la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na jina lake unaweza kuliulizia huko. Muuguzi naye yumo katika daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga. Cheti cha siku mbili hakichukui nafasi ya usajili huo. Kwa upande wa dawa, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, tunayoizoea kwa herufi NDA, ina daftari la dawa zilizosajiliwa ambalo hata mtu wa kawaida anaweza kulitazama mtandaoni, nayo hupokea taarifa za dawa zinazotiliwa shaka. Wapelekee taarifa kabla ya Jumamosi, pamoja na mahali na saa. Huna haja ya kumtaja msusi wako kama mkosaji, eleza tu ulivyoambiwa.

Wale watatu wapigie simu leo. Ikiwa mmoja wao ataamua kuendelea, mwambie aandike saa aliyochomwa, aombe kubaki na bomba lililotumika na kifungashio chake ili hospitali ipate cha kupima, na asilale nyumbani hata usiku mmoja ikiwa ataona vitu viwili viwili, sauti ikibadilika au mate yakimkwama kooni. Aende moja kwa moja hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na neno la kwanza analomwambia daktari liwe kwamba amechomwa botulinamu, kwa sababu bila neno hilo watatafuta kiharusi kwanza, na saa zitapita.

Kuhusu wewe, baada ya kwanjula rudi kwanza kwa daktari aliyekutibu figo, apime kama zimepona vizuri, kwa kuwa figo dhaifu huchelewa kuitoa gentamisini. Kisha nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na ile karatasi mkononi.